Kuhamishia faili zako za Emacs Lisp kwenye Emacs 30: hatua kwa hatua

Tangu toleo la 30.1 la Emacs, kihariri cha maandishi, litoke Februari 2025, maswali ni yale yale. "Mbona init.el yangu (faili ya mipangilio) ilikuwa inafanya kazi, leo inalalamikiwa mstari wa kwanza?" "Hili onyo la *untrusted content* ni virusi?" "Msimbo unakubali kwenye `*scratch*` (ukurasa wa kujaribia ndani ya Emacs), nikiuweka kwenye faili unagoma, shida nini?" Nimechoka kujibu kipande kipande, kwa hiyo majibu yote nimeyapanga hapa kwa utaratibu wa kufanyia kazi.

Mwongozo huu ni wako kama una faili kadhaa za Emacs Lisp (lugha ya kuandikia mipangilio na nyongeza za Emacs) ulizoandika mwenyewe au ulizookota huku na kule, na unahama kutoka toleo la 26, 27, 28 au 29. Sehemu kubwa ya kinachogoma baada ya kuhama hutokana na jambo moja, nalo ni jinsi intapreta inavyotafuta thamani ya kigeu (variable). Ndiyo maana hatua ya 4 na ya 5 ni ndefu. Nyingine utazimaliza chai haijapoa.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Emacs 30.1 au la baadaye. Debian 13 inalo kwenye hazina yake. Ubuntu 24.04 ina 29.3, ambayo inatosha kwa hatua nyingi humu isipokuwa zile nilizotaja kuwa ni za 30 tu. Kwenye Mac, `brew install emacs` inatosha.
- Teminali, na uwe unajua kubonyeza `M-:` na `C-x C-e` (M ni Alt, C ni Ctrl). Hizo mbili zikikushinda, jifunze kwanza kisha urudi.
- Nakala ya folda yako ya `~/.emacs.d`, iwe kwa Git au kwenye flashi. Usiruke hapa.

Huhitaji intaneti baada ya kusakinisha. Maelezo rasmi ya mabadiliko yote yamo ndani ya Emacs yenyewe: bonyeza `C-h n`. Kama unahesabu bando, hiyo ni habari njema, maana wengi hupekua mtandaoni kitu ambacho tayari wanacho kwenye diski.

## Hatua

### 1. Hakikisha unachoendesha ndicho ulichosakinisha

Bonyeza `M-x emacs-version`. Inashangaza ni watu wangapi wamesakinisha toleo la 30 na huku ikoni wanayobonyeza bado inafungua la zamani. Kisha tumia `M-:` kuuliza:

```
(native-comp-available-p)
```

Jibu likiwa `t`, Emacs yako inaweza kugeuza Lisp kuwa msimbo wa mashine moja kwa moja. Uwezo huu uliingia toleo la 28 mwaka 2022, lakini ilibidi uuombe wakati wa kujenga programu. Kuanzia 30 unawashwa wenyewe, mradi maktaba ya libgccjit ipo. Ukipata `nil` usihangaike, kila kitu humu kitafanya kazi bila huo.

### 2. Tengeneza uwanja wa majaribio

```
cp -r "$HOME/.emacs.d" "$HOME/emacs-jaribio"
emacs --init-directory="$HOME/emacs-jaribio"
```

Chaguo la `--init-directory` lilikuja na toleo la 29 na ni moja ya zawadi bora kwa mtu anayependa kuchokonoa mipangilio yake. Kama mipangilio yako iko kwenye `~/.emacs`, inakili ndani ya folda ya majaribio kwa jina `init.el`.

Angalia: kama ndani ya init.el umeandika njia kamili kama `"~/.emacs.d/lisp/"`, basi uwanja wako wa majaribio bado unachota faili za zamani. Utarekebisha huku, ufungue tena, na usione badiliko lolote. Badilisha hivi:

```
(add-to-list 'load-path (locate-user-emacs-file "lisp/"))
```

Halafu futa faili za `.elc` (zilizokwisha kukompailiwa) za msimbo wako mwenyewe katika nakala hiyo. Folda ya `elpa`, yenye vifurushi ulivyosakinisha, iache, tutaishughulikia mwishoni.

### 3. Kompaili kabla hujagusa kitu

Fungua faili ndani ya Emacs ya majaribio, kisha `M-x byte-compile-file`. Kwa faili isiyotegemea kifurushi chochote, teminali ni haraka zaidi:

```
emacs -Q --batch -f batch-byte-compile kibanda.el
```

Kwa nini usitumie njia ya teminali kwa kila faili? Kwa sababu `-Q` haisomi vifurushi ulivyosakinisha, kwa hiyo kila `require` itapiga kelele kwamba faili haipatikani, nawe utaanza kukimbizana na kosa ambalo halipo.

Maonyo yote yahifadhi mahali. Kompaila ya toleo la 30 ni kali kuliko za nyuma, na orodha hiyo ndiyo ratiba yako ya kazi kuanzia hapa. Onyo la kwanza huenda likawa kwamba faili haina agizo la `lexical-binding` kwenye mstari wa kwanza.

### 4. Weka mstari wa kwanza

```
;;; kibanda.el --- Hesabu za duka  -*- lexical-binding: t; -*-
```

Ni mstari wa kwanza, hata mstari mtupu usiutangulie. Ukiuweka wa tatu, Emacs itauona kama maelezo ya kawaida na kuupita bila kukwambia lolote. Kuna pia amri ya kukuwekea: `M-x elisp-enable-lexical-binding`.

Ukishahifadhi, funga faili na uifungue upya. Kuandika mstari pekee hakubadilishi bafa (faili kama ilivyo wazi ndani ya Emacs) iliyokwisha kufunguliwa, na hapa ndipo wengi hudhani agizo halifanyi kazi. Tazama chini kwenye mstari wa hali: ukiona `ELisp/d` bado uko njia ya zamani, ukiona `ELisp/l` umeshavuka.

Nadharia ni hii tu, na haitazidi hapa. Kwa njia ya zamani, kigeu ulichokifunga kwa `let` huonekana na kila fanksheni itakayoitwa wakati `let` hiyo inaendelea, hata kama fanksheni hiyo imeandikwa kwenye faili nyingine kabisa. Kwa njia mpya, kigeu huonekana na msimbo ulioandikwa ndani ya mabano ya `let` hiyo, basi. Uwezo huu ulikuwepo tangu toleo la 24 mwaka 2012. Kilichobadilika katika la 30 ni kwamba sasa kompaila inakudai useme waziwazi unataka ipi.

Unapata nini? Jaribu hii:

```
(defun kibanda-kihesabu ()
  (let ((n 0))
    (lambda () (setq n (1+ n)))))

(setq foleni (kibanda-kihesabu))
(funcall foleni) ; 1
(funcall foleni) ; 2
```

Fanksheni iliyorudishwa inatembea na `n` yake. Katika faili isiyo na agizo, `funcall` ya kwanza tu ingekujibu kwamba `n` haina thamani. Na hapo ndipo lilipo jibu la lile swali la `*scratch*`: tangu toleo la 27, `*scratch*`, `M-:` na IELM (dirisha la kuongea na Lisp mstari kwa mstari) hutumia njia mpya bila kuuliza, ila faili yako ilibaki njia ya zamani. Msimbo ni uleule, lakini kanuni ni mbili.

### 5. Kamata vigeu vilivyotegemea njia ya zamani

Kompaili tena. Sasa maonyo mawili ndiyo ya kuyatolea macho: *reference to free variable* na *Unused lexical variable*. Yakija pamoja juu ya jina moja, umempata mhusika. Mfano:

```
(defun kibanda-risiti ()
  (format "Jumla: %d" jumla))

(defun kibanda-chapisha (bei idadi)
  (let ((jumla (* bei idadi)))
    (message "%s" (kibanda-risiti))))
```

Zamani `kibanda-risiti` iliiona `jumla` kupitia kwa aliyeiita. Sasa haioni, na ukiendesha utapata `Symbol's value as variable is void: jumla`. Dawa yenye afya ni kuipitisha kama agumenti:

```
(defun kibanda-risiti (jumla)
  (format "Jumla: %d" jumla))

(defun kibanda-chapisha (bei idadi)
  (message "%s" (kibanda-risiti (* bei idadi))))
```

Kuna njia ya mkato: kutangaza `(defvar kibanda-jumla nil)` juu ya faili ili kigeu hicho kirudi tabia ya zamani. Inakubalika, lakini usithubutu kutangaza jina tupu kama `jumla` au `jina`. Ukifanya hivyo, jina hilo linafuata njia ya zamani kwa Emacs nzima, na kifurushi cha mtu mwingine kinachotumia jina hilo kitaanza kuleta vituko. Siku zote anza na kiambishi cha faili yako.

Kosa lililo baya zaidi ni lile lisilotoa sauti. Tazama:

```
(defun kibanda-ratiba ()
  (interactive)
  (let ((org-agenda-files '("~/duka.org")))
    (org-agenda nil "a")))
```

Kama Org (kifurushi cha madokezo na ratiba) ilikuwa haijapakiwa wakati faili hii inakompailiwa, kompaila haijui kwamba `org-agenda-files` ni kigeu cha watu. Itakichukua kama kigeu cha ndani kisichotumika, na Org itaendelea na orodha yake ya kawaida. Hakuna kosa linalotokea, ratiba inafunguka vizuri, ila ni ya faili nyingine. Rekebisha hivi:

```
(defvar org-agenda-files)

(defun kibanda-ratiba ()
  (interactive)
  (require 'org-agenda)
  (let ((org-agenda-files '("~/duka.org")))
    (org-agenda nil "a")))
```

`defvar` isiyo na thamani haiweki kitu chochote ndani ya kigeu. Inaiambia kompaila tu kwamba, ndani ya faili hii, jina hilo lifuate njia ya zamani. Kwa hiyo ukiona *Unused lexical variable* juu ya jina ambalo si lako, usilifute. Litangaze.

Mengine yanayojificha:

- `(add-to-list 'x ...)` pale `x` ilipofungwa kwa `let`. Haitafanya kazi tena. Tumia `push` au `cl-pushnew`.
- `symbol-value`, `set` na `boundp` kwa kigeu cha ndani. Hazikioni.
- `(eval msimbo)` bila agumenti ya pili inarudi njia ya zamani. Andika `(eval msimbo t)`.
- Agumenti usiyoitumia lakini lazima iwepo: ipe jina linaloanza na mstari wa chini, kama `_tukio`, onyo litanyamaza.

### 6. Ondoa vilivyopitwa na wakati

`(require 'cl)` imekataliwa rasmi tangu 27. Weka `(require 'cl-lib)` na uongeze kiambishi: `loop` inakuwa `cl-loop`, `flet` inakuwa `cl-flet`. Tahadhari na hiyo ya pili. `cl-flet` inafuata kanuni mpya ya mabano, kwa hiyo kama ulikuwa unabadilisha kwa muda fanksheni ya Emacs inayoitwa na wengine, unahitaji `cl-letf` juu ya `(symbol-function 'jina)`.

`defadvice` nayo sasa inahesabiwa kuwa imepitwa. Mbadala wake ni `advice-add`, na kitabu cha Emacs Lisp kilichomo ndani (`C-h i`) kina ukurasa mzima wa jinsi ya kuhamisha.

Kisha tafuta kwenye faili zako `'(lambda`. Alama hiyo moja ya kunukuu inaifanya fanksheni kuwa orodha tu, kompaila haiingii ndani yake, na ikiitwa inafuata njia ya zamani hata kama faili ina agizo. Futa alama ya kunukuu.

Kwa waandishi wa vifurushi: katika toleo la 30, fanksheni isiyokompailiwa si orodha tena, ina aina yake yenyewe, `interpreted-function`. Msimbo wowote unaochungulia `(car f)` kuona kama ni `lambda` au `closure` umekwisha kazi. Uliza kwa `functionp`, au `interpreted-function-p` kama ni lazima. Na ukitumia kitu kipya, kitaje kwenye kichwa cha kifurushi, `Package-Requires: ((emacs "30.1"))`, au tegemea kifurushi cha `compat` kutoka GNU ELPA, kinacholeta fanksheni nyingi mpya kwenye matoleo ya nyuma.

### 7. Chukua vizuri vilivyoongezwa

Si lazima, lakini ukishafika hapa ni aibu kuviacha.

`sort` ya toleo la 30 imepata maisha mapya:

```
(sort '(700 250 1200)) ; (250 700 1200)
(sort wateja :key #'cdr :reverse t)
```

Mtindo huu mpya unarudisha orodha mpya na kuiacha ya kwanza kama ilivyo. Mtindo wa zamani, `(sort bei #'<)`, bado unakubali, ila bado unachezea orodha uliyoipa. Ukiupa orodha iliyonukuliwa moja kwa moja kwenye msimbo, kompaila sasa itakuonya, na ina haki.

Namba kamili hazina tena kikomo cha mashine tangu 27:

```
(expt 2 100) ; 1267650600228229401496703205376
```

Kabla ya hapo ungepewa sifuri, kimya kimya, bila kosa. Ila kuna mtego: namba hizi kubwa usizilinganishe kwa `eq`. `(eq (expt 2 70) (expt 2 70))` ni `nil`, wakati `=` na `eql` zinajibu `t`. Hivyo hivyo kwa `memq`, tumia `memql`.

JSON nayo: `json-parse-string` ilianza 27 ikitegemea maktaba ya nje ya Jansson. Katika 30 kisomaji kimeandikwa upya ndani ya Emacs yenyewe, kwa hiyo kipo kila mahali.

### 8. Mwambie Emacs unaziamini folda zipi

Lile onyo la *untrusted content* si virusi. Ukiwasha Flymake (kikagua makosa cha Emacs) kwenye faili ya Lisp, Emacs huikompaili ili kutafuta makosa, na kukompaili huendesha makro zilizomo. Maana yake faili ya mtu usiyemjua ingeweza kuendesha msimbo kwenye mashine yako kwa kuifungua tu. Tundu hilo lilipewa namba CVE-2024-53920, na toleo la 30.1 limeliziba kwa kutomwamini mtu mpaka useme:

```
(setq trusted-content '("~/.emacs.d/lisp/" "~/kazi/elisp/"))
```

Folda lazima iishie na mkwaju `/`, la sivyo inahesabiwa kuwa jina la faili. Utakutana na ushauri wa kuweka `:all` ili onyo lipotee. Usiufuate, huko ni kulifungua tundu upya kwa mikono yako.

### 9. Hamisha kweli

Ukikompaili na kubaki na maonyo unayoyaelewa, rudisha faili kwenye `~/.emacs.d`, fungua Emacs ya kawaida na uendeshe `M-x package-recompile-all`. Vifurushi vilivyokompailiwa na toleo la zamani huleta makosa ya ajabu ajabu ambayo hayana uhusiano na msimbo wako.

Dakika za mwanzo feni inaweza kupiga kelele. Ni Emacs inageuza vifurushi kuwa faili za `.eln` nyuma ya pazia. Chomeka chaja na uiache imalize.

## Ikigoma

Emacs haifunguki vizuri kabisa. `emacs -Q` kwanza. Ikifunguka, tatizo liko kwako. `emacs --debug-init` itakuonyesha mstari wenyewe.

"Symbol's value as variable is void". Rudi hatua ya 5. Kama jina ni la kifurushi, kinakosa `require`.

"Symbol's function definition is void: loop". Mabaki ya `cl`, hatua ya 6.

Nimerekebisha, lakini Emacs inaendelea na msimbo wa zamani. Kuna `.elc` iliyobaki, mara nyingi `init.elc`. Ifute, na weka `(setq load-prefer-newer t)` juu kabisa ya init.el. Binafsi sioni sababu ya kukompaili init.el isipokuwa kwa ajili ya kusoma maonyo.

Dirisha la maonyo linafunguka lenyewe kila mara. Hayo ni ya vifurushi vya wengine vinavyogeuzwa kuwa `.eln`, si yako. `(setq native-comp-async-report-warnings-errors 'silent)` inayapeleka kwenye bafa bila kukukatiza.

Folda ya eln-cache imejaa. Matoleo ya nyuma yameacha mizigo yao. `M-x native-compile-prune-cache` inafagia.

Bado inagoma hata kwa `emacs -Q`. Punguza msimbo mpaka ibaki mistari michache inayotosha kuonyesha kosa, kisha `M-x report-emacs-bug`. Andika ulichotarajia na ulichopata. Toleo na mfumo wa kompyuta yako fomu inajaza yenyewe.